Anayebaki Atasomaje?

Mtu anapochagua namna ya kutunza kumbukumbu za kazi zake za kila siku, je, anajichagulia yeye peke yake? Wengi niliowauliza swali hili walicheka kwanza. Walisema hilo ni jambo la mazoea tu, kama mtu anavyokunja nguo zake: huyu hukunja mara mbili, yule huviringisha, na hakuna anayedhulumiwa. Mmoja ana daftari, mwingine ana programu ya simu inayompigia kengele, wa tatu anategemea kichwa chake. Maadili yanaingilia wapi hapo?

Ninataka kudai kwamba yanaingia, tena kupitia mlango ambao hatuutazami: mlango wa yule atakayezihitaji kumbukumbu hizo wakati sisi hatupo. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Ni methali ya watu wa biashara, na neno daftari lenyewe limesafiri na biashara, likitoka kwa Wagiriki na kupita kwa Waajemi na Waarabu hadi pwani yetu. Lakini naona methali hiyo imeishia nusu ya njia. Inatuhimiza tuwe na daftari. Haisemi lisomeke na nani. Mali inaweza kuwa na daftari, tena zuri, na bado ikapotea bila habari.

Mimi hupanga kazi zangu kwa mafaili ya maandishi matupu. Jina hilo lisimchanganye msomaji. Matupu hapa si kwamba hayana kitu ndani, ni kwamba hayajavaa kitu. Hakuna rangi, hakuna herufi nene, hakuna jedwali wala picha. Ni herufi, nafasi na mistari, basi. Programu ya kuyaandika huja pamoja na kompyuta, na kwenye simu hupatikana bure. Nina folda moja yenye mafaili manne: leo, kazi, watu, madeni. Katika faili la kazi kila mstari ni kazi moja. Mstari huanza na tarehe, mwaka ukitangulia, kisha mwezi, kisha siku, kwa sababu ukiandika hivyo, kompyuta ikiipanga mistari kwa kufuata herufi na tarakimu inakuwa imeipanga pia kwa kufuata wakati. Kazi ikiisha naweka x mbele yake. Siifuti. Nikitaka kujua ni lini nilichapa barua ya mtu fulani, natafuta jina lake na mstari unakuja.

Hiyo ndiyo mashine nzima. Jioni na Jumamosi nafanya kazi katika duka la kuchapa na kutoa fotokopi hapa Ruti, pembeni mwa Mbarara, na mtu akikaa katika duka kama hilo hujifunza mambo ya vifo vya mafaili. Mteja huleta flashi yenye kazi ya kaka yake marehemu, iliyoandikwa kwa programu ambayo hakuna anayeiuza tena. Tunaifungua na kuona safu za alama zisizo na maana, kama ukuta ulioandikwa na mtoto. Maneno yamo humo. Hakuna anayeweza kuyatoa. Faili la maandishi matupu lililoandikwa kabla sijazaliwa hufunguka kama limeandikwa asubuhi. Halina hata uzito. Herufi moja ya Kiswahili huchukua baiti moja, kwa hiyo ukurasa wa herufi elfu mbili ni kilobaiti mbili; picha moja ya simu ya kawaida, ya megabaiti mbili au tatu, hula nafasi ya kurasa zaidi ya elfu moja.

Katika hili Kiswahili kina bahati ambayo hatuisemi vya kutosha. Kanuni ya ASCII, iliyotangazwa Marekani mwaka 1963, ina nafasi 128 tu za alama, na Kiswahili chote kinatoshea humo. Hatuna nukta juu ya herufi wala mkia chini yake. Kitu pekee kinachotusumbua ni kile kikoma cha juu cha ng', ambacho programu kubwa za kuandikia hupenda kukikunja kiwe alama ya kunukuu, halafu ukimtafuta ng'ombe katika waraka wako humpati, naye yumo, amesimama pale pale.

Sasa nije kwenye kisa kilichonifanya nifikirie mambo haya kama swali la maadili na siyo la ufundi.

Nakivale, makazi ya wakimbizi yaliyo wilayani Isingiro tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, ina vikundi vingi vya akiba. Utaratibu wa vikundi hivi unajulikana Afrika nzima. Shirika la CARE liliuanzisha Niger mwaka 1991. Wanachama hukutana kila wiki, kila mmoja hununua hisa kati ya moja na tano, fedha hukopeshwa wenyewe kwa wenyewe kwa riba ndogo, na baada ya mwaka hivi mzunguko hufungwa na kila mtu hugawiwa kulingana na hisa zake. Fedha hukaa katika sanduku la chuma lenye kufuli tatu, na funguo tatu hukaa kwa watu watatu tofauti. Hakuna anayeweza kulifungua peke yake. Kila mwanachama ana kijitabu kinachogongwa mhuri kwa kila hisa mbele ya wote, na vijitabu navyo hufungiwa sandukuni. Kabla ya kuondoka, salio hutangazwa kwa sauti na wanachama huambiwa walikariri, ili kikao kijacho kianze kwa kuulizwa: tuliacha kiasi gani? Waliobuni utaratibu huu walielewa jambo ambalo wahasibu wengi hawalielewi, kwamba kumbukumbu ya watu wengi wasiosoma ni kufuli pia.

Kikundi cha mama yangu kilikuwa na watu 24: Wakongo, Warundi na Wanyarwanda, lugha ya vikao ikiwa Kiswahili. Katibu wao alikuwa kijana mwaminifu na mwerevu. Aliona vijitabu vinachakaa, mihuri inafifia, mahesabu ya riba yanachukua saa nzima. Akapakua programu kwenye simu yake. Ikawa inajumlisha yenyewe, inamkumbusha aliyechelewa kulipa, inachora hata vile vimiraba vya rangi vinavyopendwa na watu wa miradi. Vijitabu vikaachwa. Vikao vikawa vifupi, na hakuna aliyelalamika, kwa sababu nani hulalamika kikao kikiwa kifupi?

Kisha ikaja safari. Wanaoishi kambini wanajua neno hilo lina maana moja kubwa: jina lako limetoka, unahamishiwa nchi ya tatu. Safari haina ratiba ya mtu wa kawaida. Unaweza kungoja miaka tisa, kisha ukapewa wiki chache. (Na inaweza kugeuka vilevile: Januari 2025, Marekani iliposimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, wapo waliokuwa wameshauza vitanda vyao na kugawa masufuria.) Katibu aliondoka na familia yake. Simu aliiacha kwa mwenyekiti, kwa uaminifu kabisa, pamoja na namba ya siri. Wiki ya pili programu ikamtaka mwenyekiti aingie upya. Ikasema itatuma tarakimu kwenye namba ya katibu. Laini ile, kama laini nyingi za kambini, ilikuwa imesajiliwa kwa jina la mtu mwingine, na mtu huyo alikuwa ameshaizima. Nikaitwa kutoka Ruti kwa sababu mimi ndiye "mtu wa kompyuta". Nilikaa na simu ile siku nzima. Katibu mwenyewe, tulipompata baada ya siku nyingi, alikuwa upande mwingine wa dunia, na programu haikumtambua naye.

Sandukuni kulikuwa na shilingi 3,140,000. Hakuna hata mia iliyopotea. Kilichopotea ni kujua ni za nani, na nani yuko nje na mkopo wa kiasi gani. Walikaa vikao vitatu wakikumbushana. Mama mmoja mzee wa kutoka Fizi, asiyejua kusoma, alisimama akazitaja hisa zake wiki baada ya wiki: "Siku ya mvua ile iliyobomoa jiko la kanisa nilitia tatu. Siku mjukuu wangu alitoka hospitali sikutia. Iliyofuata nilitia tano, mwenyekiti we mwenyewe ulinicheka." Wengine hawakuweza. Waligawana kwa kukadiria, na watu wawili hawasalimiani mpaka leo.

Nani alikosea? Hapa ndipo ninapoona ugumu wa kifalsafa, kwa sababu tumezoea kutafuta mwizi. Tunapouliza juu ya uadilifu wa mtunza hesabu, tunauliza kama alikula. Huyu hakula. Alifanya kazi bila malipo kwa karibu mwaka mzima, na kila tarakimu aliyoandika ilikuwa ya kweli. Hata hivyo watu 24 walidhurika, na si kwa bahati mbaya kama ya radi. Fedha zilikuwa na kufuli tatu, na daftari likawa na kufuli moja. Funguo ya kufuli hiyo ilikuwa mtu mmoja.

Kiswahili kina neno ambalo naona linatusaidia kuliko maneno ya vitabu vya nadharia: amana. Ukiweka kitu kwangu kiwe amana, wajibu wangu hauishii katika kutokukila. Ninatakiwa kukitunza katika hali ambayo wewe, au warithi wako, mnaweza kukichukua bila kunibembeleza. Nikichimbia dhahabu yako mahali ninapopajua mimi tu, kisha nikasafiri, siwezi kujitetea kwamba dhahabu ipo. Amana isiyochukulika bila mtunzaji si amana tena. Imekuwa mateka, hata kama mtunzaji ana moyo safi. Na kumbukumbu za kazi ya watu ni amana kwa maana hiyo hiyo. Tarakimu za hisa hazikuwa za katibu. Alizishika.

Mtu atasema: sawa, hilo ni la katibu wa kikundi. Wewe na orodha yako ya kazi, amana iko wapi? Nilijaribu kuchuja. Nilichukua faili langu la kazi la mwezi mmoja nikaondoa kila mstari unaomhusu mtu mwingine: barua ya huyu, fomu ya yule, wasifu wa kijana anayeomba kazi, maswali niliyoahidi kumletea mwenzangu wa darasani. Nilibaki na kufua, kusoma sura mbili, na kununua sabuni. Tunaiita orodha ya kazi "yangu", lakini ukiitazama vizuri ni orodha ya ahadi, na kila ahadi ina mwenyewe nje ya orodha. Nilipougua malaria na kulala wiki nzima, mwenzangu wa dukani alifungua faili, akasoma mistari isiyo na x, akaendelea. Hakunipigia simu hata mara moja. Watu walipata barua zao. Nilifurahi, na niliumia kidogo pia, maana kila mtu anapenda kuhitajika. Nadhani sehemu ya mvuto wa kupanga mambo kwa namna tunayoijua sisi tu ni hiyo: inatufanya tusiweze kuachwa. Ni mamlaka madogo, ya bei nafuu, na maofisi ya Afrika Mashariki yamejaa watu wanaoyatumia. Karani akiwa likizo, faili halionekani.

Basi tumia karatasi, ananiambia mhadhiri mmoja ninayemheshimu, mtu wa kaunta buku kwa miaka thelathini. Hoja yake ni nzito kuliko anavyofikiri. Kaunta buku haliulizi namba ya siri, halihitaji umeme, na akifa mwenyewe, mtoto wake atalifungua. Faili la maandishi matupu, kwa maoni yangu, ni mtoto halali wa kaunta buku. Programu ile ya vimiraba si ndugu yao. Tofauti ni kwamba kaunta buku liko mahali pamoja. Nyumba ikivuja, limelowa. Mtu akilichukua kwa hasira, limekwenda. Faili linaweza kuwa kwa watu watatu kwa wakati mmoja bila mtu kunakili kwa mkono, na likachapwa likawa karatasi wakati wowote. Sina ugomvi na karatasi. Ugomvi wangu ni na kitu kinachojifanya ni daftari hali ni dirisha la kuchungulia daftari lililo kwa mtu mwingine.

Dirisha hilo hufungwa. Januari 2021, mkesha wa uchaguzi wa Uganda, intaneti ilizimwa nchi nzima na haikurudi kwa siku kadhaa. Kabla ya hapo, tangu Julai 2018, kulikuwa na kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa anayetaka kufungua mitandao ya kijamii, na ikumbukwe kwamba vikundi vingi huweka mahesabu yao ndani ya WhatsApp. Yaani kusoma salio lako ukalipie. Sitaki kulikuza jambo hili. Mtandao umerudi na kodi ile imebadilishwa sura. Nasema tu kwamba siku zile mistari iliyokuwa ndani ya simu yenyewe iliendelea kusomeka.

Kuna pingamizi la zamani zaidi. Katika mazungumzo ya Plato yaitwayo Phaedrus, Socrates anasimulia habari za mungu Theuth wa Misri aliyemletea mfalme Thamus uvumbuzi wa maandishi akijisifu kwamba ni dawa ya kumbukumbu. Mfalme akamjibu kwamba utaleta usahaulifu, kwa kuwa watu watategemea alama za nje badala ya kukumbuka kwa ndani. Tulisoma hayo mwaka wa kwanza na darasa likacheka, kwa sababu Plato aliyaandika. Mimi sicheki tena. Namfikiria mama wa Fizi. Programu ilipoingia, wanachama waliacha kukariri salio. Kijana alikuwa "nalo kwenye simu". Utaratibu wa kutangaza na kukariri haukukatazwa na mtu, ulikufa tu kwa kutohitajika. Maandishi matupu hayaponyi ugonjwa huu. Yanaweza hata kuuleta. Ninachoweza kusema kwa utetezi ni kwamba hayafanyi hesabu yenyewe: ukiandika hisa za watu 24 mstari kwa mstari, lazima upite kwa kila jina. Kujumlisha kwa mkono kuna uchovu wake, lakini katika uchovu ule unakutana na watu.

Na hapa nigusie jambo linalonisumbua katika faili langu mwenyewe. Mstari wa kununua wino na mstari wa kumjulia hali mgonjwa una sura moja. Vyote vinaanza na tarehe, vyote vinangoja x. Umbo tupu halitofautishi mtu na kitu. Nimejaribu kuwaondoa watu katika faili la kazi na kuwaweka katika faili lao, lile la watu, ambalo halina x. Haliishi. Sidhani kama kumjulia mtu hali ni kazi inayoisha.

Pingamizi ninaloliogopa zaidi ni la usalama. Ninasifu kumbukumbu zinazosomeka na yeyote. Lakini tunaishi na watu ambao kusomeka kumewahi kuwaua. Katika nchi tulizotoka, orodha ya majina yenye kabila au kijiji imewahi kuwa kitu cha hatari kuliko bunduki. James Scott, katika kitabu chake cha mwaka 1998 kuhusu jinsi dola inavyotazama, anaeleza jinsi serikali zinavyopenda kuwafanya watu wasomeke: majina ya ukoo, ramani, sensa, vipimo sawa, ili wahesabike na kuongozwa. Sisi hatuhitaji kitabu. Mwaka 2018, baada ya madai kwamba hesabu za wakimbizi Uganda zimekuzwa, Ofisi ya Waziri Mkuu na UNHCR walihakiki watu makambini kwa alama za vidole na mboni za macho, na hesabu ikashuka kutoka kama milioni 1.4 hadi kama milioni 1.1. Sisemi zoezi lile lilikuwa baya. Chakula cha watu hewa ni chakula kilichoibwa kwa watu hai. Lakini tazama upande ambao usomaji unaelekea. Wao wanatusoma. Sisi hatuwezi kusoma tulivyoandikwa.

Kwa hiyo natofautisha kusomeka kwa mwenzako na kusomwa na mkubwa. Kikundi cha akiba chenye daftari wazi kinawafanya wanachama wasomane wao kwa wao, kwa usawa, na kila mmoja anajua nani anamsoma. Hilo ni tofauti na hifadhi iliyo mbali ambako mtu nisiyemjua anaona kila kitu changu nami sioni chake. Programu ya bure ya simu ni ya aina hii ya pili, ingawa inajipendekeza kama ya kwanza.

Zaidi ya hapo, kuna tofauti kati ya kufunga sanduku na kufunga lugha. Sanduku la kikundi lina kufuli, tena tatu, na hakuna anayesema hilo ni usiri mbaya. Lakini ukishalifungua, noti ni noti, kila mtu anazitambua. Maandishi matupu yanaweza kufungiwa vivyo hivyo, kwa namba ya siri iliyogawanywa kwa watu watatu kama funguo. Kilichomo ndani kikishafunguliwa kinasomeka na yeyote mwenye haki nacho. Programu ile ilifanya kinyume: mlango wake ulikuwa kwa wengine, na hata ungeingia, lugha ya ndani ilikuwa yake.

Sidai kwamba hilo linamaliza hatari. Mambo mengine hayafai kuandikwa kwa umbo lolote. Katika faili langu la watu siandiki mtu alikimbia nini. Najua, na ninakumbuka, na kama sitakumbuka basi na isahaulike.

Halafu huu utupu wenyewe si tupu kwa kila mtu. Nimesema Kiswahili kinatoshea katika nafasi 128 za ASCII. Kisomali, kilichopewa rasmi herufi za Kilatini mwaka 1972, kinatoshea pia. Lakini jirani yangu Mwethiopia anaandika kwa herufi za Kige'ez, na herufi hizo hazikuingia katika Unicode mpaka mwaka 1999. Ile namna ya kuziweka katika faili bila kuvuruga za Kilatini, UTF-8, ilibuniwa na Ken Thompson na Rob Pike mwaka 1992. Kwa miaka mingi, basi, faili ambalo kwangu lingekuwa wazi kama uwanja, kwake lingekuwa ukuta. Kila "kawaida" ina watu iliowaacha nje wakati inaitwa ya kawaida. Na kwa asiyesoma kabisa, kama mama wa Fizi, maandishi yote yamefungwa, matupu na yaliyovaa.

Hili limenifanya nibadilishe dai langu kidogo. Nilianza nikiamini kwamba uwazi ni sifa ya faili. Sasa naona faili linaweza tu kuuruhusu au kuuzuia. Uwazi wenyewe hutokea mtu anaposoma kwa sauti mbele ya wanaohusika na wao wakaweza kusema hapana, siyo hivyo. Mstari mtupu ni rahisi kusomwa kwa sauti. Jaribu kukisoma kwa sauti kimiraba cha rangi.

Kikundi cha mama kimeanza mzunguko mpya. Katibu wa sasa ni dada Mrundi anayesoma ushonaji. Anatumia faili moja la maandishi kwenye simu, mstari mmoja kwa kila hisa, na mistari mitano ya juu kabisa inaeleza kwa Kiswahili, Kirundi na Kinyarwanda jinsi ya kulisoma. Nakala zimo katika memori kadi tatu, kwa wale wenye funguo tatu. Kila mwisho wa mwezi mtu anayekuja Mbarara hulileta Ruti, ninalichapa, na karatasi inaingia sandukuni. Vijitabu vimerudi pia. Wazee walivitaka, na mhuri una raha yake.

Jambo moja hatujakubaliana. Katibu anaandika, mbele ya kila mkopo, sababu ya mkopo: mbegu, karo, matibabu. Anasema katibu ajaye atahitaji kujua nani aombwe kwa upole na nani akumbushwe kwa ukali, na kwamba bila sababu daftari ni tarakimu zisizo na utu. Mimi nimemwambia ugonjwa wa mtu si mali ya kikundi, na memori kadi tatu ni mifuko mitatu. Amenijibu kwamba kikundi kizima kilimsikia mama yule akiomba fedha za dawa, waziwazi, kwa hiyo hakuna siri iliyoandikwa. Sijapata jibu la kumpa. Kusikiwa na watu 24 chini ya mwembe na kuandikwa mahali ambapo wa ishirini na tano ataweza kusoma naona ni vitu viwili, ila sijui bado jinsi ya kumwonyesha mpaka ulipo. Mwisho wa mwezi atakuja na kadi, na neno matibabu litakuwepo, na nitalazimika kuamua kama mchapaji ana haki ya kuuliza tena.